Mayai Chini ya Waranti

Namba kwenye kioo cha mashine ilipofika thelathini na tisa, niliacha maji jikoni yachemke peke yake, nikaja kusimama mbele yake. Joto linatakiwa likae thelathini na saba na nusu. Yai linavumilia mengi, lakini kupikwa halivumilii, na hii mashine tuliinunua itutotoleshee vifaranga.

"Mama!" niliita. "Njoo uone."

Mama mkwe alikuja akiburuza kandambili zake. Masikio yake yameanza kumgomea siku hizi, lakini macho bado ni ya kazi. Alitazama namba, akanitazama mimi, akatazama namba tena.

"Inapanda?"

"Inapanda."

"Asubuhi ilikuwa ngapi?"

"Ilikuwa sawa, mama. Asubuhi ilikuwa sawa kabisa."

Akavuta kigoda, akaketi mbele ya mashine, akashika tama. Nikamwona jinsi anavyojikaza asilie.

Niseme mapema kwamba hii ilikuwa mashine ya pili. Ya kwanza iliivisha mayai yote. Tuliyapasua moja moja uani tukiwa tumeziba pua, halafu mimi na mume wangu tukaibeba mpaka dukani. Meneja wa duka, mtu wa tabasamu la kukodi, aliizunguka ile mashine kama mnunuzi wa gari bovu. Hakuuliza imefanya nini. Aliuliza nailoni yake iko wapi, boksi lake liko wapi, na huu mkwaruzo ubavuni umetoka wapi.

"Kitu chenye mikwaruzo hatupokei," alisema. "Hatujui mlikuwa mnakitumiaje."

Hapo ndipo nilipoinua sauti. Mume wangu alinivuta mkono mara mbili, nikaunyang'anya. "Nilinunua mashine ya kutotolesha!" nilimwambia. "Sufuria ninazo nyumbani!" Wateja walicheka, mmoja aliyekuwa ameshika pochi mkononi akairudisha mfukoni, na meneja alipoona hivyo akakumbuka ghafla kwamba waranti yetu bado iko hai. Tukapewa nyingine. Lakini alitusindikiza mpaka mlangoni na maneno yake.

"Kitu cha kubadilishiwa hakianzi waranti upya. Kinabeba ile miezi iliyobaki ya kile cha kwanza. Na safari hii mkiirudisha, iwe kama inavyotoka hapa. Nailoni yake, boksi lake, kila kitu. Na hii stika ya nyuma ikibanduka, msihangaike hata kuja."

Sasa, ukiwaambia maneno hayo watu wa nyumba hii, umewaambia walichozaliwa wakisubiri kuambiwa. Mama mkwe anaamini kitu kikitolewa nailoni kimeanza kufa. Makochi ya sebuleni yana nailoni, ukikaa siku ya joto unainuka nayo. Rimoti ina nailoni. Mimi niliolewa nikalalia godoro lenye nailoni yake, na mwaka mzima nikijigeuza tu, nyumba nzima inajua nimejigeuza. Mume wangu ni mtunza stoo wa hospitali. Kwake yeye duniani kuna vitu vya aina mbili, vilivyofungwa na vilivyoharibika.

Basi ile mashine ya pili tuliiweka kwenye chumba cha nyuma na nguo zake zote. Nailoni nene ya kiwandani iliizunguka mwili mzima, na mume wangu akaikaza kwa gundi ya karatasi mahali ilipolegea. Boksi tukalikunja, tukaliweka juu ya kiti pembeni, lisipate hata vumbi. Tulikata tundu la mlango na tundu la kioo cha namba, na mkasi niliushika mimi mwenyewe, maana ule mkwaruzo wa kwanza ulikuwa umeniuma. Ilipendeza. Mama mkwe aliipigapiga mgongoni kama anayembeleza mjukuu.

Na ilifanya kazi vizuri. Tulipomulika mayai kwa tochi tuliona mishipa, kisha tukaona giza linalojaa, na mama mkwe akaanza kutembea akiimba. Halafu ugonjwa wa kuku ukapita mtaani. Sitausimulia sana. Jumatatu jogoo aliinamisha shingo, na wiki ilipokwisha tulikuwa tunachoma manyoya na kumwaga chokaa kwenye banda lisilo na mtu. Kuku wale hawakuwa wa dukani. Mbegu yao mama mkwe aliipata kwa mama yake, akamlea nayo mume wangu na dada zake, akawavisha sare za shule kwa mayai yao. Hawakubaki hata wawili wa kuanzia. Mbegu iliyobaki ilikuwa ndani ya mashine, nyuma ya kile kioo, ikisubiri siku chache tu ijitokeze.

Ndiyo maana namba ilipofika thelathini na tisa na nusu, nilikimbilia simu.

Dukani alipokea binti wa huduma kwa wateja, sauti laini ya kumpaka mtu mafuta kwa mgongo wa chupa. Nilimweleza. Akanisubirisha. Nikasikiliza muziki wao, namba ikapanda tena.

"Fundi atafika kesho asubuhi, mama."

"Kesho asubuhi yatakuwa yameiva, mwanangu. Nifanye nini sasa hivi?"

"Usiguse chochote, mama. Ukifungua nyuma, waranti inafutika."

"Basi nizime?"

"Siwezi kukushauri uzime, mama. Wala siwezi kukushauri usizime."

Nilikata simu nisije nikamtukana mtoto wa watu bure. Nikafungua mlango wa mashine, namba ikashuka kidogo. Nikaufunga, ikarudi palepale na kuongeza. Na mlango wenyewe si wa kuchezea siku hizo za mwisho, maana unyevunyevu ukitoka, ngozi ya ndani ya yai inakauka na kumbana kifaranga, anakufa akiwa amefika mlangoni. Kwa hiyo nikifunga wanapikwa, nikifungua wanabanwa. Nilifungua na kufunga, kufungua na kufunga, jasho linanichuruzika, na mama mkwe kila mara anauliza "Ngapi?" ilhali anaiona.

Mume wangu alifika mbio kutoka kazini akiwa bado na koti lake la stoo. Nikamwambia nimeamua kufungua skrubu za nyuma, nione kama ni feni au ni nini.

"Stika," alisema.

"Najua kuna stika."

"Ukiibandua tumekwisha. Hiyo stika ndiyo kitu pekee tulichonacho mbele ya yule mtu. Mara ya kwanza alitusumbua kwa mkwaruzo, mkwaruzo tu! Kesho fundi anakuja, anaikuta haijaguswa, hana pa kuponyokea."

"Na mayai?"

Aliangalia kioo. Kilikuwa kinasema arobaini.

"Nakuuliza, na mayai?"

"Sasa nifanyeje?" akafoka, na mume wangu si mtu wa kufoka. "Unadhani mimi sina uchungu? Nikiwaokoa kwa kuharibu waranti, na mashine yenyewe ikafa kesho, nitawatia wapi?"

Alikuwa na hoja, na hoja yake ilinikasirisha zaidi kuliko kama angesema upuuzi. Nilikwenda jikoni nikarudi na kisu. Alisimama mbele ya mashine, akaona uso wangu, akapisha. Tuliivuta kutoka ukutani. Ili niifikie stika na skrubu zake ilibidi kwanza niipasue nailoni ya mgongoni, nene, iliyokazwa kwa gundi juu na chini. Nilichoma kisu nikashusha kwa hasira.

Hewa ya moto ilinipiga usoni mpaka nikarudi nyuma. Feni, ambayo siku zote tulidhani sauti yake ni ile ya kukoroma, ikaanza kuvuma laini. Nyuma ya nailoni, juu ya ile stika, kulikuwa na matundu madogo mengi yaliyopangwa safu safu, ya kuingiza na kutoa hewa. Mume wangu aliyatazama. Nami niliyatazama. Kisha sote tukageukia kioo. Thelathini na tisa na nusu. Thelathini na tisa. Ikaendelea kushuka, taratibu, mpaka ilipotakiwa, ikatulia.

Stika haikuguswa. Kisu bado kilikuwa mkononi mwangu.

"Nailoni?" alisema mama mkwe. "Ni nailoni?"

Alikaa pale kwenye kigoda mpaka jioni na hakusema neno jingine. Angenipa hata maneno ya kunitukana ningefurahi. Sisi tuliichuna ile nailoni yote, na mume wangu akaikunja akaenda kuificha uvunguni. Aliporudi alinong'ona, "Kwa fundi tusiseme. Tuseme imepanda joto, basi. Ni kweli ilipanda." Nisijifanye mtakatifu, nilikubaliana naye papo hapo. Yule meneja alituivishia mayai ya kwanza bila hata kusema pole. Nilitaka anilipe kitu, hata kama ni kwa kosa lisilo lake.

Fundi alikuja asubuhi na gari la duka, akaliacha likinguruma nje. Kijana mwembamba, shati lenye nembo, mwenye haraka. Akapima hiki, akapima kile, akatikisa kichwa.

"Haina kitu. Jana ilifika arobaini kweli?"

"Ilifika," tulisema wote wawili kwa pamoja, kwa haraka mno.

Akainama nyuma ya mashine. Akapitisha kidole kando ya matundu, kidole kikanasa kwenye mabaki ya gundi. Akakitazama, kisha akatutazama mmoja mmoja, mpaka kwa mama mkwe aliyeinamisha kichwa.

"Mliifunika," alisema. Haikuwa swali.

"Meneja wako ndiye aliyesema!" nililipuka. "Alisema tukiirudisha iwe na nailoni yake, iwe kama ilivyotoka!"

Yule kijana akapumua kwa nguvu. Akasema hayo ni maneno ya mlangoni, kwenye karatasi ya waranti hayapo, na hakuna sheria inayomlazimisha mtu kutumia kitu kikiwa ndani ya vifungashio. Kitabu cha maelezo chenyewe kinasema vitolewe vyote kabla ya kuwasha. Akauliza kama tulikisoma. Kitabu kilikuwa juu ya kabati, ndani ya kimfuko chake, hakijafunguliwa, kisije kikachakaa. Mume wangu alikishusha akampa bila kumwangalia usoni.

"Sikilizeni," fundi alisema, na sauti yake ikapungua ukali. "Siku za mwanzo haikuwasumbua, si ndiyo? Mayai yakiwa machanga hayana joto lake. Yakikaribia kuanguliwa, kifaranga yuko mzima ndani, anapumua, anatoa joto mwenyewe. Mashine ikawa inashindwa kulitoa. Lile joto la jana halikuwa la mashine. Lilikuwa lao."

Nilihisi kama mtu amenisukuma kifuani. Jana nzima nimetazama namba ile nikiichukia, kumbe walikuwa ni wao, wazima, wanatupigia kelele.

"Kwa hiyo wako hai?" mume wangu aliuliza.

"Jana walikuwa hai. Baada ya arobaini, sijui." Akatoa kalamu na karatasi zake za kazi. "Sasa mimi nina nafasi mbili za kuandika. Nikiandika mlifunika, hilo ni kosa la mteja, na waranti imekufa leo. Mkitaka mtaenda kwenye ofisi ya kutetea walaji mkaeleze alichowaambia meneja, na mna haki, lakini yeye atakana, na jambo hilo litachukua muda wake. Au niandike kidhibiti joto kinacheza. Ile yenu ya kwanza ilikuwa na ugonjwa huohuo, hakuna atakayeshangaa. Mtapewa mpya."

Mume wangu akafumba macho kwa shukrani. "Andika hilo, kaka."

"Ila nikiandika mbovu naondoka nayo sasa hivi. Mashine iliyoandikwa mbovu hailali kwa mteja. Ikiungua nyumba, ni mimi."

"Na mayai?" Hilo swali nilishalichoka, lakini nililiuliza tena.

"Mayai si mali ya duka, mama."

"Mpya inakuja lini?"

"Wiki ijayo. Zikiwepo."

Gari lilikuwa bado linanguruma nje. Kuku wa kuyalalia hatukuwa naye, wala jirani yeyote hakuwa naye, ugonjwa haukuchagua ua. Mume wangu alifungua mlango wa mashine kidogo, akachukua yai moja, akaliweka sikioni. Siku kama hizo kifaranga husikika akilia ndani, au akidonoa ganda. Alisikiliza muda mrefu. Akalirudisha, akachukua jingine. Nami nikachukua langu. Niliziba sikio la pili kwa kidole, nikashikilia pumzi. Nilisikia moyo wangu mwenyewe, basi.

"Yamekufa," alisema mume wangu polepole. "Mke wangu, yamekufa. Tusipoteze na mashine."

"Jaribu jingine."

"Nimejaribu matano."

Fundi alitazama saa yake, akajifanya hakuitazama. Mimi nikamtazama mume wangu na nikajua anachosema ni cha akili, na nikachukia akili yenyewe. Nilifungua kinywa kusema haya, achukue.

Mama mkwe akanyoosha mkono. "Nipe moja."

"Mama, wewe husikii vizuri."

"Nipe."

Nilimpa. Hakuliweka sikioni. Alilibana shavuni, akafumba macho, midomo ikamcheza. Tulisimama tukimtazama, hata fundi, na kalamu yake hewani.

"Limenigonga," alisema.

"Una hakika, mama?"

"Limenigonga shavuni. Nimelea kuku kabla wewe hujazaliwa. Mwambie huyu kijana aandike ukweli, aache mashine."

Mume wangu akamwitikia fundi kwa kichwa, na fundi akaandika kosa la mteja, akampa atie sahihi, akatupa nakala. Mlangoni aligeuka kama anataka kusema pole, akaona haitoshi, akaondoka. Gari lilipopotea mtaani nyumba ilibaki na sauti ya feni peke yake.

Mama mkwe alilirudisha lile yai ndani, akaufunga mlango wa mashine taratibu.

"Halikunigonga," alisema.

Nilidhani sikusikia vizuri. "Umesemaje?"

"Sikusikia kitu. Hata kidogo."

Nilikasirika mpaka macho yakaniingia giza. Nilimwambia maneno ambayo mkwe hamwambii mkwewe. Nilimwambia nailoni ni yake, uzembe ni wake, na sasa uongo ni wake pia, na kwamba ametutia hasara mara mbili kwa mikono yake mwenyewe. Mume wangu alisema, "Basi, basi," lakini kwa sauti ya mtu ambaye angependa niendelee. Mama mkwe aliningoja mpaka nilipoishiwa maneno.

"Wangetuletea mpya," alisema. "Sawa. Mpya ya kutia nini, mwanangu?"

Mume wangu alitoka nje, nikamsikia akisogeza vitu bandani visivyohitaji kusogezwa.

Tulikaa, mimi na mama mkwe, tukiitazama namba iliyotulia. Saa zikapita. Ile namba iliyotulia sasa ndiyo iliyoniua zaidi, maana ingetulia hivyohivyo hata kama ndani hakuna kitu. Nilitamani ipande hata nusu. Mchana aliniomba maji, nikampelekea bila kumtazama, akanywa, akanirudishia kikombe. Alasiri nilishindwa. Niliamua niyatoe, nikayazike, tuoshe mashine tulale. Nilifungua mlango, nikachukua yai lililokuwa karibu, na kabla sijalitia kwenye ndoo nikajikuta nimeliweka shavuni, kama alivyofanya yeye, sijui kwa nini. Lilikuwa na joto, na kimya. Nikahesabu pumzi zangu. Nikaanza kulishusha.

Likanigonga.

Kidogo sana, kama ukucha juu ya meza. Nikaganda. Likanigonga tena, na safari hii nikaona kwenye ganda, karibu na kidole changu, ufa mdogo wa umbo la nyota. Nilishika mkono wa mama mkwe, nikauvuta, nikaliweka yai shavuni mwake, nikalishikilia pale kwa mikono yangu miwili, na nikamtazama uso wake mpaka nikauona umebadilika.